Nne Machi, Tatu Aprili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ukungu umefunika mlima tangu asubuhi. Katesh yote baridi. Nimevaa sweta mbili ofisini kama mgonjwa.

Leo tumeacha rasmi kufanya kazi kwa mikono. Ndivyo alivyotangaza Bwana Renatus, meneja wa mradi, kwenye kikao — eti makosa yote ya chanjo mwaka jana yalitoka kwenye mkono wa mtu anayenakili, kwa hiyo sasa mkono unatolewa. Joakimu, daktari wetu wa mifugo, anajaza taarifa kwenye simu yake huko huko porini. Taarifa inaingia yenyewe kwenye jedwali. Jedwali linatuma meseji kwa wafugaji siku moja kabla ya chanjo. Jioni mfumo unaandika nani kachanja na nani hakufika, na ripoti inakwenda Arusha na kwenye grupu la viongozi wa vijiji. Mimi karani wa data kazi yangu imebaki kutazama. Kutazama!

Aliyeuunganisha mfumo ni Kelvin wa ofisi ya Arusha. Mimi nilihamisha ratiba ya zamani kuipeleka kwenye jedwali jipya, tukajaribu kwa kijiji kimoja cha Masakta. Meseji ikaingia kwenye simu yangu: chanjo ya ng'ombe ni tarehe 18 Machi. Sawasawa kabisa. Tukapiga makofi.

Kesho tunaanza na maboma ya mzee Gidamis, ng'ambo ya lambo, kule kwetu ukishaipita Gendabi. Nimejawa na furaha, na hofu kidogo. Yule mzee hakutaka namba yake iandikwe popote. Januari nilishinda kwake mchana kutwa nikimbembeleza. Mwishowe akasema haya, kwa sababu wewe ni binti Baltazar, andika.

Jumanne, 4 Machi

Hawakuja.

Joakimu amerudi na kibokisi cha barafu vilevile alivyokwenda nacho. Ameketi mlangoni akivua buti. Baadaye akasema amesimama kwenye kibanio cha kubania ng'ombe tangu jua linatoka, akachanganya chupa ya kwanza ya dawa akijua wako njiani — na ile ikishachanganywa haikai, ni ya kumwaga. Hakuna hata ndama aliyefika.

"Si ulisema mzee amekubali?"

"Alikubali, Joakimu."

"Basi amekataa."

Nimepiga simu ya mzee Gidamis mpaka nimechoka. Haipatikani. Kule network mpaka upande kilimani. Mfumo umeandika wenyewe kwa rangi nyekundu: HAWAKUFIKA.

Jumatano, 5 Machi

Boma la pili la ng'ambo ya lambo. Nyekundu tena. Joakimu hana hasira sasa, na hilo ni baya zaidi. Anasema ndivyo walivyo, wafugaji wa tambarare hawapendi sindano. Mimi ni Mwiraqw, wa kabila la wakulima wa mlimani, nimekua nikisikia maneno hayo mezani kwetu, nayajua yanavyomalizikia.

Jumatatu, 10 Machi

Nyekundu. Mvua. Umeme umekatika.

Jumanne, 18 Machi

Leo zamu ya upande wetu wa wakulima, na Masakta pia na timu nyingine. Wamekuja wote! Baba amenipigia kwa furaha, anasema foleni ya ng'ombe ilifika hadi shamba la mahindi la kanisa, na ng'ombe wake wote wamechanjwa isipokuwa kile kitamba, ndama jike mchanga, Joakimu amesema bado kidogo kwa umri. Baba ni mwenyekiti wa kamati ya lambo, kwa hiyo alisimama pale kibanioni kama mwenye sherehe.

Ofisini Bwana Renatus ameweka ramani ukutani. Kijani upande wa mlima, nyekundu upande wa tambarare. Ameitazama akasema umeona, wakulima wanasoma meseji. Akaipiga picha.

Chanjo iliyokuwa imebaki ya kule ng'ambo imemalizikia Masakta.

Jumatano, 19 Machi

Sijatulia tangu jana. Upande mmoja waje wote, mwingine asije hata mmoja? Watu hawako hivyo. Hata kanisani siku ya Krismasi hawako hivyo.

Nimempata Hilda, mke wa mzee Gidamis. Tunaimba naye kwaya moja, alibatizwa kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa mnadani hapa Katesh anauza samli. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za baba, nzuri. Nikamuuliza ile siku ya chanjo mlipatwa na nini. Akanitazama.

"Siku gani?"

"Tarehe nne, mama. Mlitumiwa meseji."

"Mzee ameilinda ile simu kama yai. Anapanda nayo kilimani kila jioni kuangalia. Hakuna kilichokuja, mwanangu. Tulidhani mmetusahau."

Nilirudi ofisini nikikimbia. Nikafungua jedwali. Na nikaliona — lilikuwa wazi siku zote hizo! Kwenye safu ya tarehe nyingine zimeegemea kushoto, nyingine zimeegemea kulia. Zilizoegemea kulia ni zile tu za mwanzo wa mwezi. Nikabonyeza ya mzee Gidamis. Imeandikwa 04/03. Nikaitaka ionyeshe mwezi kwa jina.

Aprili 3.

Jedwali jipya lilifunguliwa kwa mpangilio wa Kimarekani. Wao wanatanguliza mwezi. Niliyoingiza mimi kama nne Machi, lenyewe limeisoma tatu Aprili. Tarehe tano Machi imekuwa tatu Mei. Kumi na moja Machi — Novemba! Lakini tarehe 18 halikuweza kuigeuza, hakuna mwezi wa kumi na nane, likaiacha kama maandishi, na mfumo wa Kelvin ukayasoma maandishi yale vizuri kabisa. Ndiyo maana jaribio letu la Masakta lilikubali. Ndiyo maana baba alisimama kwenye foleni.

Hakuna aliyekataa. Hawakuitwa.



Ijumaa, 21 Machi

Jana Bwana Renatus alikuwa Babati. Leo nimemweleza, nimemwonyesha, kushoto, kulia. Nilidhani atashika kichwa. Swali lake la kwanza lilikuwa nani mwingine anajua.

Nikasema bado hakuna mtu.

Akafunga mlango. Akaongea kwa upole, sitasema alinitisha. Wafadhili wanafika mwisho wa mwezi kuona mfumo. Mkataba wa awamu ya pili haujasainiwa. Tukisema leo kwamba tarehe zimepinduka, hakuna atakayesikia neno tarehe, watasikia neno wizi. Kelvin atarekebisha. Wewe Fabiola fanya usahihi kimyakimya kwenye jedwali, na hao wa ng'ambo tutawachanja awamu ijayo.

"Awamu ijayo ni Julai, bosi."

"Basi Julai."

"Na ripoti imeandika hawakufika."

"Lakini kweli hawakufika," akasema.

Na ni kweli. Hilo ndilo linalonitafuna. Neno lenyewe si la uongo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimebadilisha mpangilio wa jedwali kuwa wa Tanzania. Hakuna kilichobadilika ila sura. Sasa linaandika 03/04, kwa Kitanzania safi, Aprili tatu ile ile. Ndani linatunza siku kama namba, na namba haijui mimi nilimaanisha nini.

Nikazifuta zote za kulia. Nikaandika upya moja moja, mwezi kwa herufi. Nilimwita Joakimu anisomee ratiba ya zamani aliyoitunza kwenye simu yake, kwa sababu kuna za Aprili za kweli humo humo na kwa kutazama tu huwezi kuzitofautisha. Akauliza kwani kuna nini. Nikasema nahakiki.

Nimemdanganya Joakimu.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi nimefungua — zimerudi! Zote! Mfumo kila alfajiri unachota upya kutoka kwenye nakala niliyohamisha mwanzo, unafunika kazi yangu.

Jumatano, 26 Machi

Nimerekebisha. Zimerudi.

Alhamisi, 27 Machi

Kelvin amepiga mwenyewe. Sauti ya mtoto mtoto, mpole, anaomba samahani kila sentensi ya pili. Amekubali bila kubishana kwamba kosa ni la pande zote mbili, la kwake la kutokulazimisha mpangilio na la kwangu la kutokuangalia zaidi ya tarehe moja. Ameweka utaratibu mpya: mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, na kitu chochote kisichokaa hivyo kinakataliwa mlangoni. Anasema ukiandika hivyo hakuna nchi itakayokosea.

Nikauliza za zamani je. Akaomba samahani tena. Za zamani zimeshaingia kwenye ripoti ya robo mwaka, na ripoti ikishafungwa mfumo haukubali kuguswa mistari ile. Ndivyo wafadhili walivyotaka, ili watu wasichezee data.

Kwa hiyo kuanzia leo tarehe zote ni sahihi. Isipokuwa zile.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda nyumbani. Misa, kisha makande kwa mama. Baba alitoa simu akaniomba nimsomee, miwani yake imevunjika mkono. Ni grupu la viongozi wa vijiji. Ripoti yetu iko pale, ile ramani ya kijani na nyekundu, na chini yake orodha ya wakuu wa maboma. Mtu mmoja ameongeza maneno yake juu: HAWA NDIO WALIOKATAA CHANJO.

Kutoka hawakufika mpaka wamekataa. Hakuna mfumo uliofanya hilo. Ni kidole cha mtu.

Baba akasema taratibu, kama anaongea na sahani yake, kwamba hakumtegemea Gidamis. Wamechota maji lambo moja tangu wanachimba pamoja kwa majembe. Mwaka ule wa ukame Gidamis alimletea maziwa mama akiwa na mimba yangu. Sasa ng'ombe wake wanakunywa kichwa kwa kichwa na wetu, hawana chanjo, na yeye anajua.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikasema pengine kuna sababu, baba. Akasema sababu gani? Nikasema sijui.

Hilda alinikumbatia baada ya misa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mungu wangu.

Nilikuwa nakunywa chai. Simu ikaita, namba ya mzee Gidamis. Sauti yake imejaa upepo na milio ya ng'ombe.

"Binti Baltazar, tumefika. Daktari yuko wapi?"

Meseji! Jana jioni meseji ilikwenda. Mimi na Kelvin tulisafisha jedwali, lakini zile meseji zilikuwa zimeshapangwa kwenye foleni ya kutumwa tangu siku ya kwanza, zinangoja siku yao. Hakuna aliyekumbuka foleni. Tatu Aprili ikafika, ikamwita.

Akaendelea, anafurahi, anaeleza wameswaga tangu giza, ng'ombe wa maboma yote, na kibanio kiko wazi ila hakuna mtu. Nikamwambia mzee, samahani sana, daktari leo yuko Mbulu. Imetokea hitilafu.

"Hitilafu ni nani?"

Nikasema ni mashine, mzee. Imekosea siku.

Halafu akauliza kama wangoje. Nikasema hapana, rudini. Akasema ng'ombe wana kiu, watawanywesha lambo kwanza. Na kabla hajakata akasema kitu kingine, kwa sauti ya chini: ana dume alilolinunua mnadani mwezi wa pili, linakohoa. Alitaka daktari alitazame.

Nikamwambia alitenge. Sijui kama alisikia.

Ng'ombe wote wa ng'ambo mahali pamoja mchana kutwa, na wetu wakishuka jioni kunywa. Sisi ndio tuliowakusanya.

Ijumaa, 4 Aprili

Bwana Renatus anasema bahati mbaya. Wageni walifurahi sana wiki hii. Mkataba umesainiwa.

Jumanne, 8 Aprili

Joakimu amekwenda mwenyewe kwa mzee Gidamis, nilimwomba. Amerudi uso umebadilika. Homa ya mapafu. Lile dume linasimama limenyoosha shingo, viwiko vimetoka nje kama linatafuta mahali pa kuwekea pumzi. Na si hilo peke yake. Amesema wengine walikuwa na dalili kabla hata ya tarehe tatu, imekuwa ikitambaa kimya humo bomani mwezi mzima.

"Wangechanjwa ile nne Machi wengi wangesalimika," akasema. "Ukaidi huu."

Nikamwambia. Yote. Pale pale kwenye kibaraza cha ofisi, kuku wakipita katikati yetu. Kushoto na kulia, Marekani, foleni, Bwana Renatus. Alisikiliza akiwa ameshika buti moja.

Mwishowe akasema: "Nimewatukana wale watu kila kijiji nilichopita."

Jumatano, 9 Aprili

Karantini imetangazwa. Hakuna ng'ombe kutoka, hakuna kuingia, mnada wa mifugo umefungwa. Joakimu amemwandikia Bwana Renatus kwamba orodha ile ifutwe. Amejibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kile kitamba cha baba kimeanza kukohoa.

Kamati ya lambo imekaa leo. Waliotajwa kwenye orodha wamekatazwa kunywesha. Ukuta wa miiba umeshawekwa upande wao. Baba amesaini kama mwenyekiti. Mama ameniambia kwa simu, ananong'ona jikoni. Anasema kulikuwa na watu pale wanaolitaka eneo la ng'ambo walime, walikuwa wepesi mno wa kuongea, na Gidamis alisimama akasema hakuna aliyemwita, wakacheka. Akatoa simu yake awaonyeshe meseji ya tatu Aprili. Mmoja akaichukua, akaisoma kwa sauti, akasema kumbe meseji unapata!

Walicheka tena. Baba hakucheka, mama amesema. Lakini alisaini.

Karantini inamzuia Gidamis asitoe ng'ombe. Kamati inamzuia asinyweshe. Sasa aende wapi?

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika barua ya kurekebisha, niitume mimi mwenyewe kwenye grupu. Sina ruhusa ya kuandika humo. Nimemwomba Kelvin. Amejaribu kwa moyo wote, najua, amekaa kwenye simu nami mchana wote. Alifanikiwa kufungua mstari mmoja, akaandika HAWAKUITWA badala ya HAWAKUFIKA. Mfumo haulijui neno hilo. Unajua mawili tu, alichanja na hakufika. Ukalitupa, ukarudisha nyekundu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeomba ruhusa, nimepanda pikipiki nyumbani. Nimemkuta baba zizini na kitamba chake, amekiinamia, anakipulizia sikioni kama anavyofanya akiwa na huzuni.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Sikutaka kukaa.

Hakuelewa mwanzoni. Nikachora kwenye vumbi kwa kijiti: nne, mstari, tatu. Nikamwambia sisi tunasoma hivi, ile mashine ilisoma hivi. Akaangalia ile michoro muda mrefu.

"Kwa hiyo alisema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Na mimi nikasaini."

Nikaanza kulia, akaniambia nisilie mbele ya mgonjwa, akimaanisha ng'ombe. Nikasema baba fungua lambo, wewe ndiye mwenyekiti. Akatikisa kichwa. Alisema mwenyekiti hafungui peke yake, na wale wengine hawakulifunga kwa sababu ya karatasi. Karatasi iliwapa tu mahali pa kusimama. Akiwapelekea nyingine watauliza kitamba chake kimeugulia wapi.

"Sasa tufanye nini?"

Baba yangu ni mtu wa majibu. Hata uongo atakupa, lakini jibu utapata. Leo alikiinamia tena kitamba chake.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba, mvua ya manyunyu. Hilda hakuwepo. Sauti ya kwanza ya kwaya imebaki nyembamba bila yeye, kila mtu amesikia, hakuna aliyeuliza.

Mchana nilivuka na Joakimu kwenda ng'ambo. Harufu unaipata mbali. Wanawake wanachimba shimo la mizoga, udongo umeshiba maji, kuta zinaporomoka kila wakichota. Waliobaki hai wamesimama tu. Ng'ombe wa homa ya mapafu halali, anaogopa kulala. Wanatembezwa kwa zamu mpaka korongo la mbali usiku usiku, kwa kificho, kwa sababu ya karantini. Joakimu alijua hapo hapo kwamba inabidi aripoti. Akageuza uso akatazama mlima.

Mzee Gidamis alitupokea vizuri. Hiyo ndiyo adhabu. Shikamoo mzee, marahaba, kaeni. Alitaka kutukaribisha maziwa, akakumbuka ni ya ng'ombe wagonjwa, akaweka kibuyu chini.

Joakimu alimwomba msamaha. Alisema nilikuita mkaidi na hukuwa mkaidi. Mzee akasema sawa daktari, umesema. Kisha akaniangalia mimi. Nikafungua mdomo, na shemeji yake mmoja akaja mbio kutoka zizini, jike lingine limeanguka, wote wakainuka wakakimbia. Tulisaidia kuvuta. Sikusema.

Jioni nilimsimulia baba nilichokiona. Aliondoka bila kofia. Amerudi amelowa, akasema amewaalika Gidamis na mkewe Pasaka baada ya misa. Chakula, si kamati. Nikauliza wamekubali? Akasema Gidamis alifikiri sana, kisha akasema atakuja kwa sababu Hilda anataka.

"Utawaambia wewe," baba akasema. "Mimi mdomo huo sina."

Jumamosi, 20 Aprili — hapana. Jumamosi ni leo, 19. Hata mimi!

Sifanyi lolote. Nachambua mchele.

Bwana Renatus amepiga simu. Amesikia nimekwenda ng'ambo na daktari. Alikuwa mpole vilevile. Aliniuliza kama ninaipenda kazi yangu. Nikamtakia Pasaka njema.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Naandika nimesimama, chumbani, mlango nimeurudisha.

Wamekuja. Hilda amevaa kanga ya kwaya ingawa kanisani hakuingia. Mzee Gidamis ameacha fimbo nje ya uzio kwa heshima, ameketi mkabala na baba, wazee wawili wanaongelea mvua. Mama akaleta wali. Hakuna aliyegusa.

Baba akasema, Fabiola ana neno.

Nikalisema. Safari hii lote, bila mashine, bila hitilafu, kwa maneno ya kawaida. Kwamba tarehe zao niliziingiza mimi. Kwamba ziligeuka na sikuangalia. Kwamba nne Machi hakuna aliyewaita, na tatu Aprili waliitwa bure. Kwamba orodha ile ni ya uongo na nimejaribu kuifuta na haifutiki. Kwamba wao hawakukosa kitu.

Mzee Gidamis alikuwa anatazama mikono yake. Akamwambia baba, kwa kilugha chake kwanza halafu kwa Kiswahili, kwamba ni kama alivyosema. Baba akaitikia: ni kama ulivyosema. Nikaona mabega ya mzee yanashuka. Nikafikiri, Mungu nisamehe, nikafikiri imekwisha.

Ndipo Hilda akaniuliza. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa mapishi.

"Mwanangu, ulijua lini?"

Mama akaacha kupakua. Nikasema nini, mama? Kama sikusikia. Nilisikia.

"Hili jambo la tarehe. Ulilijua lini? Baada ya ng'ombe kuanza kufa?"

Aliuliza hivyo ili kunisaidia. Niliona usoni mwake. Alikuwa ameniwekea jibu pale, nilichukue tu, ndiyo mama, baada. Baba anatazama chini. Hata baba sikumwambia siku niliyojua.

Nilimwuliza mimi mwenyewe pale mnadani, na samli yake mkononi, na kabla ya jioni nilishajua. Anaikumbuka siku ile. Lazima anaikumbuka, au anaanza kuikumbuka sasa hivi. Halafu Jumapili ile akanikumbatia.

Nikasema ngojeni nilete maji ya kunawa.

Jagi hili hapa, limejaa. Nasikia kiti kinasogezwa, sijui cha nani. Sasa Hilda ananiita — anaita jina langu tu, taratibu, Fabiola —